Daftari la Waache

Mbwa wangu anaitwa Waache. Jina hilo alilichagua marehemu mke wangu mwaka 2015, wakati kulikuwa na maneno mengi kati yetu na jirani mmoja wa upande wa bomba la maji, na kila jioni alipotoka uani kumwita mbwa kwa sauti ya juu, aliyepaswa kusikia alisikia. Ugomvi wenyewe ulikwisha zamani na jirani yule alishahama, lakini jina limebaki, na wageni wanaofika kwetu Walukuba hudhani kwamba ninawaambia wanangu wawaache wao.

Nilifanya kazi ya ukarani wa stoo kwa miaka 27 katika kiwanda cha nguo hapa Jinja. Katika miaka hiyo yote halikutoka jora la kitambaa bila saini, wala haikuingia rangi bila kuandikwa siku, uzito na gari lililoileta. Nasema haya kwa sababu mbwa niliyekuwa naye kabla ya Waache aliishi kwangu miaka mitano akafa bila kuandikwa mahali popote, na kifo chake kilitokana na jambo ambalo karani yeyote wa stoo angeligundua kabla ya saa sita mchana, kama lingetokea kazini.

Yule wa kwanza tulimlisha posho, kama tunavyouita ugali huku Uganda, na ili kupunguza gharama nilikuwa nikimnunulia chenga za mahindi zinazobaki kwenye mashine ya kusaga. Siku moja nilipata gunia kwa bei ya chini sana. Lilikuwa na harufu ya unyevu, na punje nyingine zilikuwa na ukungu wa kijani, nami nikajiambia kwamba moto utaua kila kitu na kwamba, isitoshe, mbwa si mtu. Baada ya majuma kadhaa akaanza kukataa chakula, akatapika, ufizi ukawa wa manjano, na choo chake kikawa cheusi kama lami. Daktari wa mifugo alipofika hakuanza kumgusa. Aliniuliza kwanza anakula nini, kisha akauliza gunia hilo tulilifungua lini. La kwanza nililijibu. La pili sikuweza, mimi niliyekuwa nikijua tarehe ya kila pipa la rangi. Alinieleza kuhusu sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu, ambayo haiondoki kwa kupikwa na ambayo hulishambulia ini polepole, hata mwenye mbwa anapoona dalili ini limekwisha kuharibika. Hakuna dawa ya kuiondoa. Mbwa alikufa siku ya nne. Kilichonitia baridi zaidi ni kwamba juma lile nilikuwa nimefikiri kuwapa kuku wa mke wangu masalio ya gunia lile, na mayai yao tulikuwa tukiwapa watoto.

Waache alipoletwa akiwa na miezi miwili, nilinunua daftari la kurasa 96 na kulipiga mistari kama kitabu cha stoo: tarehe, chakula, dawa, aliyetoa dawa, na safu ya mwisho niliyoiita "alivyokuwa". Mke wangu alicheka sana. Alisema hata yeye hajawahi kuandikwa hivyo.

Katika mwaka wa kwanza daftari hilo halikuwa na faida ya kuonekana. Liliandikwa kwamba anakula posho ya unga mzima pamoja na mukene, dagaa wale wadogo, kutoka Masese ziwani, wanaooshwa mara mbili kwa sababu wale wa bei ya mifugo huanikwa chini na huja na mchanga mwingi. Liliandikwa kwamba mifupa ya kuku iliyopikwa ni marufuku, kwa kuwa hupasuka kama vijiti vyenye ncha, na kwamba mchuzi wenye vitunguu usimwagwe kwenye bakuli lake. Liliandikwa siku aliyopewa dawa ya minyoo, siku aliyochanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, na siku ya mwaka 2016 aliyohasiwa, jambo lililowafanya vijana wa mtaa wanicheke kwa mwezi mzima, ingawa tangu siku hiyo hajalala nje akifuata majike wala kurudi na sikio lililochanika.

Lilionyesha thamani yake kwa mara ya kwanza kwa jambo dogo la kuudhi. Waache alianza kutokwa na vivimbe vigumu tumboni na kwenye makende yaliyobaki ngozi tupu, kila kimoja kikiwa na tundu dogo katikati. Nilikikamua kimoja kwa nguvu, funza aliyekuwa ndani akapasukia humo humo, na sehemu ile ikaoza kwa majuma mawili. Mama mmoja wa nyumba ya nyuma, aliyekulia kijijini Busoga, ndiye aliyenifundisha kwamba funza wa nzi wa maembe huvuta hewa kupitia lile tundu. Ukilipaka vaselini ya kutosha na kungoja, hujitokeza mwenyewe kutafuta pumzi, kisha unambana pembeni polepole naye hutoka mzima. Tulitoa kumi na mmoja jioni ile. Lakini walirudi, na tukawatoa, na wakarudi tena, mpaka nilipokaa na daftari usiku mmoja nikaona kwamba vivimbe vilianza siku chache baada ya kuhamishia gunia lake la kulalia chini ya mwembe, mahali penye kivuli na mchanga, ambapo watoto pia walikuwa wakikojoa usiku. Nzi yule hutaga mayai kwenye mchanga wa namna hiyo na kwenye nguo zenye unyevu. Tulimjengea kitanda cha mbao kilichoinuliwa, gunia likawa linaanikwa juani na kupigwa pasi ya makaa pamoja na nguo zetu, na safu ya "alivyokuwa" ikaacha kutaja funza. Najua watu wanaopiga pasi hata soksi kwa sababu ya nzi huyu, lakini sijui mwingine anayepiga pasi gunia la mbwa.

Kuhusu kupe nitasema machache, maana kosa nililofanya ni la aibu. Nilimwogesha kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaichanganya kwa kukadiria kwa macho, na mbwa akalala usingizi mzito siku nzima, moyo ukipiga taratibu na miguu haimbebi. Daktari alinigombeza mbele ya wanangu. Alisema kwamba dawa yenyewe huweza kutumika kwa mbwa, lakini si kwa kipimo cha ng'ombe, na kwamba homa inayoletwa na kupe, ile inayomfanya mbwa akojoe mkojo wa rangi ya chai ya rangi, ni bora kuizuia kwa kumkagua masikioni na katikati ya vidole kila Jumamosi kuliko kummwagia sumu mara moja kwa mwaka. Ukaguzi wa Jumamosi uliingia kwenye daftari, na mpaka leo anajua siku hiyo. Hujificha nyuma ya pipa la maji.

Sasa nifike kwenye mwaka 2020. Chanjo yake ya kila mwaka ilikuwa imeandikwa kufanyika tarehe 14 Aprili. Mwishoni mwa Machi usafiri ulisimamishwa kwa sababu ya korona, bodaboda zikaruhusiwa kubeba mizigo tu, kukawa na amri ya kutotoka usiku, na daktari wetu akawa hawezi kufika. Niliandika "imeahirishwa" kwa wino mwekundu. Hilo lilikuwa sawa. Lisilokuwa sawa ni kwamba usafiri ulipofunguliwa sikurudi kwenye ukurasa ule. Mtu anaweza kuandika kila kitu na bado asisome alichoandika, na kwa karani hilo ni kosa kubwa kuliko kutoandika.

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na wajukuu zangu watatu walikuwa kwetu. Wakati ule nilikuwa bado namfunga Waache kwa mnyororo mchana na kumfungulia usiku, kama wanavyofanya wengi hapa mtaani, kwa imani kwamba mbwa aliyefungwa mchana hulinda kwa ukali zaidi usiku. Jumapili tarehe 9 Agosti mke wangu alimpa mfupa wa ng'ombe, na mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na miaka saba, akaingia ndani ya duara la mnyororo kufuata mpira. Waache hakuwa na pa kukimbilia. Alimng'ata mara moja kwenye shavu la mguu, akaachia, kisha akarudi kwenye mfupa wake akitetemeka.

Damu ilitoka. Jirani mmoja alikuja na majivu, mwingine akasema tukate nywele za mbwa tuzichome tupake. Mke wangu aliwasukuma wote, akamkalisha mtoto chini ya bomba, akaosha jeraha kwa sabuni ya mche na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, nami nikiwa nimeshika saa kama refa. Hilo alikuwa amelisikia kwenye redio, na daktari wa watoto alituambia baadaye kwamba hakuna kitu kingine ambacho mtu anaweza kufanya nyumbani chenye manufaa kama hicho, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na vinavyooshwa mapema havipati nafasi ya kuingia kwenye mishipa ya fahamu na kusafiri kuelekea ubongoni. Vikifika huko na dalili zikaanza, karibu hakuna anayepona. Safari yenyewe huchukua mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, na huo ndio muda ambao chanjo hutumia kuviwahi.

Kituo cha afya tulichokwenda jioni ile hakikuwa na chanjo. Hawakuwa na kosa la kutujibu vibaya. Walikuwa hawana tu. Tuliipata Jumatatu asubuhi kwenye duka la dawa mjini kwa bei ambayo siwezi kuisahau, mtoto akachomwa siku hiyo, akapangiwa kurudi siku ya 3, ya 7 na ya 14 baada yake. Jeraha halikushonwa. Muuguzi alieleza kwamba kidonda cha mbwa huachwa wazi kwa kadiri inavyowezekana, akamchoma na sindano ya pepopunda.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, mlangoni pamoja na vijana sita wenye fimbo. Sikuwachukia, maana walikuwa na hofu ya haki: mwaka uliotangulia mbwa mwenye kichaa alikuwa amepita upande wa pili wa mtaa. Walitaka Waache auawe mara moja. Kijana mmoja alisema tufanye jaribio kwanza, akaleta beseni la maji, akisema mbwa mwenye kichaa huyaogopa. Waache alikuwa na kiu tangu asubuhi kwa sababu katika mshtuko wetu hatukuwa tumemkumbuka, akanywa karibu nusu ya beseni, na wale vijana wakaanza kushusha fimbo. Ningeweza kuliacha lipite hivyo. Lakini daktari wa mifugo alikuwa ameniambia kwa simu asubuhi hiyo kwamba kuogopa maji ni dalili ya binadamu, na kwamba mbwa mwenye kichaa anaweza kunywa, au akaonekana kama aliyekwamwa na mfupa kooni, taya limelegea na udenda unamtoka, hata watu wakamtia mkono mdomoni kumsaidia na kujiua wenyewe. Nilimweleza mwenyekiti ukweli huo, ijapokuwa ulinidhuru. Kisha nikamweleza na upande wake wa pili: kwamba mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anayong'ata huugua na kufa ndani ya siku 10, na kwa hiyo Waache akiwa hai ndiye shahidi wetu pekee. Tukimuua leo, itabidi kichwa chake kipelekwe maabara ili ubongo uchunguzwe. Tukimfukuza, hatutajua kamwe.

Mwenyekiti alifikiri kwa muda mrefu. "Mzee, siku 10," alisema. "Lakini ukiona chochote, unaniita mimi kwanza, si daktari."

Kurasa za siku hizo ndizo zilizochakaa kuliko zote. Niliandika mara tatu kwa siku: amekula yote, ameacha kidogo, amebweka kwa sauti yake ya kawaida, amemtambua mke wangu, ametembea vizuri. Alikuwa amefungiwa peke yake kwenye banda la kuni, na chakula tulikisukuma kwa fimbo. Siku ya sita hakula asubuhi. Sikuandika chochote hadi saa nane mchana, nikakaa kwenye kigoda mbele ya banda nikimtazama naye akinitazama, na mke wangu alipouliza kwa nini sijaandika nilimjibu vibaya. Saa kumi akala. Tarehe 19 Agosti daktari alikuja akamchunguza, akamchanja, na sindano ya nne ya mtoto ikafutwa kwa ushauri wa waliokuwa wakimtibu. Mwenyekiti alitia saini kwenye daftari bila kuombwa. Saini hiyo ipo.

Mnyororo niliutupa mwezi huo huo, tukaweka uzio wa waya nyuma ya nyumba ambamo anatembea anavyotaka, na watoto wakafundishwa mambo mawili tu: mbwa anayekula ni kama mtu anayekula, na mbwa usiyemjua akikujia usikimbie, simama kama mti na uangalie pembeni. Ukali wake wa usiku haukupungua. Chakula cha mikono ya wageni hakipokei, kwa kuwa tulimzoesha bakuli lake moja, baada ya wezi kuwatupia mbwa wa jirani nyama yenye dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Na tarehe ya chanjo niliihamisha hadi 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, kwa sababu redio huitaja na mimi sihitaji tena kuitegemea kumbukumbu yangu. Kila mwaka nazunguka nyumba kumi na mbili za karibu kuwakumbusha wenye mbwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia ya kupita; mwaka jana kwenye mtaa wetu tulipata mbwa saba kati ya tisa.

Mke wangu alifariki Februari 2022. Siku za msiba nyumba ilijaa, kisha watu wakaondoka kama wanavyoondoka, na nikabaki na nyumba ya vyumba vitatu na mbwa aliyelala upande wa baraza alikozoea kuketi yeye akichambua mboga. Sijui mbwa anaelewa nini kuhusu kifo na sitajifanya ninajua. Ninachojua ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi alikuja kukwaruza mlango kwa sababu muda wake wa kutembea ulikuwa umefika, na kwamba kama asingekwaruza nisingeinuka. Tangu hapo tunashuka kila siku kuelekea ziwani, tunafika Masese wavuvi wakipakua, tunarudi. Nimesoma kwamba huko Gulu kuna mradi uitwao Comfort Dog Project, unaowaunganisha mbwa waliotelekezwa na watu waliobaki na majeraha ya moyo baada ya vita vya waasi wa LRA, na sikuona ajabu.

Njia yetu ya asubuhi inapita mbele ya nyumba ya shekhe, na hapo paliwahi kuwa na shida. Yeye ni Mshafii kama Waislamu wengi wa pwani na wa kwetu, na kwa madhehebu yao chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Waache alikuwa amelamba jerikeni lake bombani. Nilimwomba radhi, nikamnunulia jerikeni jipya, na nikabadilisha saa yangu ili nipite baada ya watu kutoka msikitini na kufika kwao, si wakati wanatembea wakiwa na udhu. Kwa muda mrefu hatukuongea zaidi ya salamu. Mwaka jana nililazwa kwa malaria siku nne na wanangu wakiwa Kampala, na niliporudi nilikuta bakuli la Waache limejaa maji safi na mtoto wa shekhe amesimama nje ya uzio akiwa na mtungi, akimimina kutoka juu bila kugusa kitu. Nilipokwenda kumshukuru baba yake, alinikumbusha hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake akamnywesha mbwa aliyekuwa na kiu, akasamehewa. "Hatugusani naye," alisema, "lakini kiu ni kiu, mzee mwenzangu."

Waache sasa ni mzee. Meno mawili ya mbele yamevunjika, posho yake hulainishwa kwa mchuzi usio na kitunguu, na njia ya Masese tunaikatiza nusu. Macho yangu nayo hayaoni vizuri mistari ya daftari, ambalo ni la nne, kwa hiyo siku za likizo huandika yule mjukuu aliyeng'atwa. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Kovu lake ni dogo, na akiulizwa habari zake husema kwamba mbwa alikuwa anakula. Jumamosi iliyopita alimkagua kupe yeye mwenyewe, akampata mmoja nyuma ya sikio la kushoto, akaandika tarehe, akaandika mahali, na kwenye safu ya mwisho akaandika: "Alijificha nyuma ya pipa. Nimemwona."